Riwaya za mapenzi za siku hizi na zile za kisayansi: nimeacha kuona haya, karibuni tujadili

Msomaji wa Usiku (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni.

Kwa miaka mingi nimesoma riwaya za mapenzi kwa kificho. Nilipokuwa shule ya bweni tuliazimana vitabu vyembamba vya Mills & Boon vilivyokwisha kupoteza majalada, na kila aliyekipata alikuwa na usiku mmoja tu wa kukimaliza, kwa tochi, chini ya shuka, kabla ya kumkabidhi mwenzake wa kitanda cha pili. Ukubwani niliendelea, ila nilijifunza kukifunika kitabu kwa gazeti ndani ya daladala. Baadaye nikaongeza kosa juu ya kosa: nilianza kusoma riwaya za kisayansi, zile za vyombo vya angani na sayari za mbali, na humo nako nikawa natafuta mapenzi. Wapenzi wa sayansi wakaniona mtu wa mapenzi, na wapenzi wa mapenzi wakaniona mtu wa mashine. Naomba nieleze kwa nini naamini kwamba makundi hayo mawili yanasoma kitu kimoja.

Kinachoendesha riwaya ya mapenzi, kwa maoni yangu, ni kizuizi. Watu wawili wakipendana ukurasa wa kumi na pasiwe na la kuwazuia, ukurasa wa kumi na moja ni harusi na kitabu kimekwisha. Waandishi wa zamani hawakuhangaika kukitafuta, kwa kuwa jamii iliwapa cha bure: baba asiyekubali, mahari isiyolipika, ukoo usioolewa na ukoo mwingine, barua iliyopotelea njiani. Mwandishi anayesimulia New York ya leo hana urahisi huo. Wahusika wake wana simu mfukoni na mshahara wao wenyewe, wala hakuna mzee anayewakataza. Hubakiwa na njia mbili: akichimbue kizuizi ndani ya nafsi ya mhusika, au akiunde upya kwa msaada wa sayansi.

Mfano wa njia ya kwanza ninaoupenda kuliko yote ni Book Lovers ya Emily Henry, iliyotoka mwaka 2022. Nora ni wakala wa waandishi jijini New York, mwanamke ambaye wachumba wake wamekuwa na desturi ya kwenda mji mdogo kikazi na kumwacha kwa ajili ya mpenzi waliyempata huko. Anasafiri na mdogo wake kwenda mji mdogo wa North Carolina, na huko anamkuta Charlie, mhariri ambaye hawapatani naye hata kidogo. Kwa juu juu utadhani kizuizi ni ule ukavu wa wote wawili. Kadiri unavyosoma unagundua kuwa Nora ni kifungua mimba aliyebaki na mdogo wake baada ya mama yao kufariki, na kila uamuzi wa maisha yake ameupima kwa mzani mmoja tu: je, mdogo wangu atakuwa salama? Hapo nilikifunga kitabu nikakaa kimya. Nadhani wengi humu jukwaani waliolea wadogo zao hawahitaji maelezo ya namna mtu anavyoweza kusahau kwamba na yeye ana moyo.

Njia hizi mbili zina daraja, tena daraja lenyewe lina kichekesho. The Love Hypothesis ya Ali Hazelwood, iliyotoka mwaka 2021, ni hadithi ya Olive, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu ya biolojia katika Chuo Kikuu cha Stanford, anayekubaliana na profesa mmoja mkali wafanye uchumba wa kusingizia. Hakuna kitu cha kidunia kuliko hicho: maabara, makongamano, hofu ya kunyimwa fedha za utafiti. Hata hivyo hadithi hiyo ilianza kama simulizi ya mashabiki wa filamu za Star Wars, iliyowekwa mtandaoni bure kabla wahusika hawajavuliwa mavazi ya angani na kuvishwa makoti meupe ya maabara. Mwandishi mwenyewe ni mtaalamu wa sayansi ya ubongo na neva, na jina hilo ni la kalamu. Anayesema hasomi mambo ya angani, na ameisoma hiyo, amekwisha kuyasoma bila kujua.

Kilichonisukuma kufungua uzi huu, lakini, ni A Civil Campaign ya Lois McMaster Bujold, ya mwaka 1999. Imo katika mfululizo mrefu kuhusu sayari ya Barrayar, ambayo ilikatikiwa na mawasiliano na walimwengu wengine kwa karne kadhaa, ikarudi kwenye enzi za makabaila, farasi na mapanga, kisha ikagunduliwa tena na kumiminiwa sayansi yote kwa mkupuo. Miles Vorkosigan, mtoto wa kabaila mkubwa, mfupi wa kimo na mwenye mifupa iliyodhoofika tangu tumboni kwa sababu ya shambulio la sumu dhidi ya wazazi wake, amempenda Ekaterin, mwanamke ambaye amefiwa na mumewe karibuni na ambaye ndoa ile ilimtesa. Kwa kuwa haifai kumposa mjane upesi hivyo, Miles anabuni mkakati kama wa vita: atamchumbia bila kumwambia. Anamwajiri abuni bustani karibu na nyumba yao ili apate sababu ya kumwona, na siri hiyo anaisambaza kwa ndugu, marafiki na watumishi, ila mwenyewe Ekaterin. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi. Miles aliamini kuwa anaweza kukohoa mbele ya mji mzima na mjane asisikie.

Kisha inakuja karamu ya chakula cha jioni. Miongoni mwa wageni yumo Simon Illyan, mkuu mstaafu wa usalama wa dola, ambaye kwa miaka mingi aliishi na kifaa cha kumbukumbu kilichopandikizwa kichwani. Kifaa hicho kiliharibika kikaondolewa, na sasa mzee wa watu hakumbuki vizuri lipi aliambiwa kwa siri na lipi linasemeka mezani. Analisema. Miles anapigwa na butwaa, anakurupuka na kumposa mjane palepale mbele ya wageni wote, naye Ekaterin anaondoka. Nilicheka mpaka nikaamsha watu nyumbani, halafu nikaona aibu kwa niaba yake kana kwamba nilikuwa nimeketi pale mezani na kijiko mkononi. Sasa tazameni ufundi wake: ukikitoa kile kifaa katika hadithi, karamu haiharibiki. Sayansi imefanya kazi ambayo zamani ingefanywa na barua iliyofika kwa mtu asiyestahili.

Karibuni kwa hoja, hasa wanaonipinga.

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, umeandika vizuri na nimesoma hadi mwisho, jambo ambalo silifanyi kwa nyuzi nyingi za hapa. Hata hivyo sikubaliani nawe. Mapenzi ni jambo la watu wanaojulikana, mahali panapojulikana. Ukimwambia msomaji kwamba mahali ni sayari ambayo haipo, umempunguzia nusu ya uchungu, maana anajua kuwa lolote linaweza kutokea na mwandishi anaweza kuleta mashine ya kutatua fundo lolote. Sisi tunayo riwaya ya Kiswahili yenye chombo cha angani, Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, na jina lake lenyewe linakuambia kusudi: wale ni sisi. Mkangi alikwenda mbali ili atutazame sisi, siasa zetu na dhuluma zetu. Hao wako wanakwenda mbali wakafanye nini? Wakaposane?

Msomaji wa Usiku

Shikamoo Mwalimu. Nashukuru kwa kunipinga kwa heshima.

Hatari uliyoitaja ni ya kweli, na riwaya nyingi za kundi hili zinaanguka hapohapo: fundo likikaza, mwandishi anatoa kidude. Ninachodai ni kwamba mwandishi mzuri huweka sheria za ulimwengu wake mapema na kuziheshimu hata zinapomuumiza mhusika wake. Katika vitabu vya Bujold kuna mashine ya kulelea mimba nje ya tumbo la mama. Mwandishi mvivu angeitumia kama pambo la ukutani. Yeye anauliza ndoa inakuwaje mama asipolazimika kuhatarisha uhai wake kwa kuzaa. Mume anayesisitiza mila ya zamani anasisitiza nini hasa. Na binti aliyekulia penye mashine hiyo atamtazamaje mchumba anayetoka kwenye sayari isiyoiamini. Kwa maneno mengine, Mwalimu, naye anakwenda mbali ili atutazame sisi, isipokuwa anatutazamia chumbani na mezani, mahali ambapo Mkangi hakuwa na haja ya kupatazama.

Mama Watatu

Nina swali la mzazi, mtanisamehe kwa kushusha mjadala. Binti yangu ana miaka kumi na mitano na anasoma kuliko mimi. Vitabu hivi vina mambo ya chumbani? Nisingependa kumnunulia zawadi ikaja kunifedhehesha.

Msomaji wa Usiku

Mama Watatu, hujashusha kitu, swali hilo kila mzazi analo. Book Lovers na The Love Hypothesis zote mbili zina sehemu za chumbani zilizoelezwa bila kuzunguka, na kwa umri huo mimi nisingempa, ingawa majalada yake yana michoro ya kupendeza inayowapotosha wazazi. Bujold kwa kawaida hufunga mlango mapema, lakini kitabu chake Shards of Honor kina ukatili wa vita na tishio dhidi ya wanawake mateka, kwa hiyo kisome wewe kwanza. Tena usije ukadanganywa na jina Ice Planet Barbarians la Ruby Dixon ukadhani ni hadithi ya mashujaa wa barafuni. Ni mfululizo ulioanza mwaka 2015 kwa mwandishi kujichapishia mwenyewe, ukapata umaarufu mpya mwaka 2021 kupitia video fupi za TikTok, na ni wa watu wazima tupu. Mimi niliusoma kitabu kimoja kwa udadisi, nikakimaliza, na zaidi ya hapo msinihoji.

Kokotoo

Mleta uzi, mimi ni mtu wa fizikia na nina malalamiko. Umesema sayansi inaunda kizuizi upya, kisha ukatoa mfano wa mwandishi ambaye wahusika wake wanavuka kutoka nyota hadi nyota kwa njia za mkato za angani, hivyo umbali, ambao ndio kizuizi kikubwa kuliko vyote, ameufuta.

Nyota iliyo jirani zaidi na jua letu, Proxima Centauri, iko umbali wa takriban miaka 4.24 ya nuru. Ukimwandikia mpenzi wako aliye huko "umeshindaje?", jibu litakufikia baada ya karibu miaka minane na nusu. Hata Mirihi, ambayo ni kama jirani wa ukuta kwa ukuta, ujumbe huchukua kati ya dakika tatu na dakika ishirini na mbili hivi kwenda upande mmoja tu, kutegemea sayari hizi mbili zimekaaje. Wapenzi waliogombana hawataweza kukatizana maneno. Kila mmoja atalazimika kumaliza anachosema na kukaa akisubiri. Na msafiri anayekwenda kwa asilimia 99 ya kasi ya nuru, mwaka wake mmoja chomboni ni kama miaka saba kwa aliyebaki nyumbani. Anarudi bado kijana, mkewe ana mvi. Hicho ndicho kizuizi, na hakikuhitaji kubuniwa na mtu.

Nyongeza, kwa kuwa tunazungumzia mapenzi na anga. Mwaka 1977 chombo cha Voyager 1 kilirushwa kikiwa na santuri ya dhahabu yenye sauti za dunia. Carl Sagan na Ann Druyan walikuwa wakiiandaa pamoja, na mwezi Juni mwaka huohuo, katika mazungumzo ya simu, walikubaliana kuoana. Siku chache baadaye Druyan alirekodiwa mawimbi ya ubongo wake huku akiwaza, pamoja na mambo mengine, jinsi ilivyo kupenda, na rekodi hiyo ikatiwa ndani ya santuri. Chombo hicho sasa kiko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa. Salamu zilizomo ni za lugha 55. Kiluganda kimo. Kiswahili hakimo, na hilo linaniuma hadi leo.

Msomaji wa Usiku

Kokotoo, malalamiko nimeyapokea, na hiyo ya Kiswahili kukosekana sikuijua, sasa inaniuma na mimi.

Umbali wa wakati umenikumbusha The Time Traveler's Wife ya Audrey Niffenegger, ya mwaka 2003, ambayo nilisita kuitaja kwa sababu kila nikiitaja panazuka ugomvi. Henry ni mkutubi wa Maktaba ya Newberry mjini Chicago, ana kasoro ya kinasaba inayomtupa katika wakati mwingine bila hiari yake, na hufika huko bila nguo wala kitu chochote mkononi. Mkewe, Clare, ndiye anayebaki. Ugomvi wa kwanza unahusu jinsi wanavyokutana: Clare ana miaka sita Henry anapomjia akiwa na thelathini na sita, ilhali Henry, kwa hesabu ya maisha yake, anamkuta Clare kwa mara ya kwanza yeye akiwa na ishirini na minane na Clare ishirini. Wapo wanaoona kuwa mtoto aliyekua akijua ataolewa na nani hakupewa nafasi ya kuchagua, na sina jibu la kuwaridhisha. Nadhani hata kitabu chenyewe kinalijua swali hilo na hakilikimbii.

Ugomvi wa pili ni mwisho wake, ambao sitausimulia. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1980, kimekuwa kikitaka mambo mawili: mapenzi yawe kiini cha hadithi, na mwisho umwache msomaji ameridhika na akiwa na matumaini. Kwa kipimo hicho kuna riwaya ya mapenzi, na kuna riwaya yenye mapenzi ndani yake. Wengi hudharau sharti la mwisho mwema na kuliita la kitoto. Mimi nalitetea. Nikijua kwamba watapatana, macho yangu yanatoka kwenye "je, watapatana?" na kuhamia kwenye "watapatanaje, na nani atalipa nini?", kama vile msikilizaji wa taarabu anavyoujua wimbo tangu ubeti wa kwanza na bado akanyanyuka kwenda kutuza.

Bahari ya Kusi

Dada, mimi ni wa Lamu, na maelezo ya ndugu Kokotoo yamenifikisha kwa bibi yangu mzaa mama. Babu alikuwa baharia wa jahazi. Walikuwa wakiondoka kwa kusi kwenda Arabuni na hawakuweza kurudi mpaka kaskazi ivume, mwezi wa Desemba na kuendelea. Hapakuwa na simu, na barua ilikwenda kwa mkono wa baharia mwingine, aliyesubiri upepo uleule. Bibi alisema mwanamke wa baharia huhesabu umri wake kwa kaskazi. Alisema pia kwamba mumewe alikuwa akirudi kila mara kama mtu mgeni kidogo, amezoea vyakula vingine na maneno mengine, na zile siku tatu za mwanzo nyumbani wote wawili walikuwa wakioneana haya kama maarusi.

Sijawahi kusoma hata kitabu kimoja kati ya mlivyovitaja. Lakini huyo Clare anayebaki nyumbani, nadhani namjua.

Kokotoo

Hizo siku tatu za kuoneana haya, Bahari ya Kusi, ndizo ambazo waandishi wengi wa angani huziruka. Chombo kinatua, wanakumbatiana, sura inayofuata.

Msomaji wa Usiku

Nimesoma maneno ya bibi mara tatu. Kama yupo humu mwenye kalamu, riwaya ya Kiswahili ya mke wa baharia wa angani imekwisha kupewa moyo wake. Kilichobaki ni mtu wa kukaa chini na kuiandika. Hata msamiati tunao: tangu lini lugha yenye nahodha, tanga, demani na matlai ikakosa maneno ya safari ndefu?

Kwa walioniuliza faraghani waanzie wapi: aliyezoea mapenzi ya kawaida aanze na Book Lovers, kisha Shards of Honor, ambayo ilitoka mwaka 1986 na ndiyo hadithi ya wazazi wa Miles. Nahodha Cordelia na Aral, maofisa wa pande mbili zisizopatana, wanajikuta wameachwa kwenye sayari isiyokaliwa na watu, mmoja mateka wa mwingine, na wanalazimika kutembea kwa siku kadhaa huku wakimsaidia majeruhi aliyepoteza fahamu zake za kawaida. Jinsi wanavyomtunza yule majeruhi ndiyo posa yenyewe, ingawa hakuna anayeitaja. Nakala za karatasi si rahisi kuzipata. Mimi yangu niliikuta kwa muuza vitabu vya mtumba wa pembeni mwa barabara, Posta, katikati ya kitabu cha uhasibu na kamusi ya Kijerumani. Nilikuwa tayari kulipa mara tatu ya bei aliyoitaja, na bado nilipatana bei ili asishtuke.

Mwalimu Mstaafu

Zimepita wiki tatu. Mwanangu wa kumzaa alinipakulia katika tableti vitabu viwili vya huyo Bujold, naye akanikuzia maandishi kwa ajili ya macho yangu.

Vita vya angani nimeviona vinachosha, na majina ya makabaila ni mengi kuliko wanafunzi wa darasa langu la mwisho. Kuhusu karamu ulikuwa sahihi, nimecheka. Lakini nimesimama kwenye barua ambayo Miles anamwandikia Ekaterin baada ya fedheha ile, pale anapokiri kwamba alijaribu kumteka kwa hila badala ya kusubiri apewe kwa hiari. Barua, mwanangu. Wana mashine za kulelea mimba na vyombo vya kuvuka nyota, na ilipofika zamu ya kuomba radhi, kijana amekaa chini akaandika barua, akaichana, akaandika tena. Nimefundisha uandishi wa barua kwa miaka thelathini na moja na sikuwahi kupata mfano mzuri hivyo wa kuwapa wanafunzi.

Sijamaliza. Asiniambie mtu kama Ekaterin alijibu.